Shamba la Wakwe Kwenye Websaiti

Darasa la nne sikumaliza. Lakini pilipili manga yangu ilishafika nchi nisizoweza kuzitaja, na wasomi walikuwa wakinipigia hodi kuomba kazi. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi na ghala la ushirika likabaki la popo, nilinunua pikapu nikawa nashusha mzigo mwenyewe toka mlimani. Kisha wanunuzi wa nje wakaanza kuuliza: una websaiti? Siku hizi wanaita tovuti. Nikawajibu ninayo, halafu nikaenda kutafuta mtu wa kuitengeneza.

Nilimpata binti mmoja, ofisi yake Mafiga, kule mjini, aliyesomea kazi hiyo. Mbabaishaji sikumtaka. Alipanda mlima na kamera yake, akauliza maswali kama hakimu. Tulipofika shambani akasema, "Baba, simama katikati ya mipilipili, weka mikono kiunoni." Nikaiweka. Nilijiona mtu kweli.

Kazi ilipokamilika akaniita. Kwenye kompyuta nikajiona, mikono kiunoni, mlima mzima nyuma yangu. Nikamwambia anisomee, miwani nimeisahau. Miwani sikuwa nayo hata nyumbani. Akasoma: "Mmiliki wa shamba hili, kutoka bondeni hadi kileleni, ni..." Jina langu lilipofika sikulisikia. Nilikuwa nimebaki kwenye lile neno mmiliki.

Asiyejua mambo ya Uluguru nimweleze. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Nilipooa, mjomba wa mke wangu, mkubwa wa ukoo wao, alinionyesha kwa fimbo: lima mwisho kwenye mfereji ule. Hata mipilipili, kwa kuwa ni mimea ya kudumu, sikuipanda mpaka nilipokwenda kwake na jogoo, nikaomba. Watoto wangu ni wa pale. Mimi ni mkwe, nakaa pale kwa sababu ya mke. Na miaka ile watu wa mjini walikuwa wakipanda milimani na wapima ardhi, koo zote zimekaa macho. Mkwe mwenzangu mmoja alileta mpimaji kimyakimya. Alitolewa na godoro lake, migomba akaiacha na mikungu yake.

"Futa," nikamwambia binti.

"Baba, imeshatoka. Dunia nzima inaiona."

"Kule Mlali kwa wakwe zangu wanaiona?"

"Mwenye kompyuta anaiona."

"Sijakuuliza hivyo."

"Lakini baba, wewe mwenyewe uliniambia ni shamba lako."

"Kila mtu husema shamba lake. Wewe umeandika."

Hakucheka. Alisema kurekebisha ni kazi ndogo, ila kuna mtu ameshaifungua na kutuma salamu. Shemeji yangu wa mjini. Ameandika kwamba picha imependeza.

Shemeji huyo kila Jumapili hupanda kusali kanisa la kwao, na akitoka kanisani humsalimia mjomba wake. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikamweleza binti ukweli wote, nikamwambia auandike, nami kesho yake alfajiri nikaendesha pikapu hadi kwa mzee. Bora asikie kwangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Mbona mapema? Kuna msiba?"

"Bado," nikasema.

Nilimweleza. Alichukua fimbo ile ile, akapanda gari, na mpaka Mafiga alitazama mbele tu. Ningefurahi kama angetukana.

Binti alimpa kiti chake. Akamsomea: shamba ni la ukoo wa mke wake, yeye amekaribishwa kulima na kuuza.

"Soma tena," mzee akasema.

Akasoma tena. Mzee akanyoosha fimbo, akagusa kioo pale penye tumbo langu.

"Picha ibaki. Amesimama vizuri, kama mwenye mali." Kisha akamgeukia binti. "Sasa mwanangu, ongeza kidogo. Mke wake akitangulia, huyu anakwenda wapi? Wanunuzi wake wajue pa kumfuata."

Akacheka, peke yake. Binti aliniangalia, vidole vikiwa juu ya vitufe, akingoja nimwambie aandike nini.

Wiki ile mke wangu alikuwa na kikohozi kidogo, cha vumbi tu. Niliporudi nilimpandisha kwenye pikapu na khanga yake ya jikoni, nikampeleka hospitali. Njia nzima ananiuliza nimepatwa na nini.