Ubatizo Wangu wa Pili

Nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo kuna chumba ambacho mke wangu hajawahi kukubali kikae bila mtu. Sisi wenyewe tulipofika Goma, tukitoka Masisi na vikapu kichwani, tulipokelewa na watu tusiowajua, na tangu hapo yeye huona chumba kitupu kama dhambi. Ndivyo kijana mmoja alivyokuja kuishi kwetu, mwanafunzi wa sekondari, ndugu zake wakiwa wametawanywa na vita. Alikaa mpaka akamaliza shule ya Biblia. Mimi ni mzee wa kanisa, na baba yangu alikuwa mwinjilisti, kwa hiyo nilimfundisha nilichokijua: namna ya kusoma andiko kabla ya kulihubiri, na namna ya kunyamaza pale watu wanapohitaji kufikiri. Aliniita Papa. Alipooa, nilikaa mahali pa baba yake, na mke wangu akalia kama mama wa bwana harusi.

Leo yeye ni pasta. Ana kanisa lake Birere, jengo la mbao lenye vipaza sauti vinavyosikika mpaka kwa wauza vitenge, na ana marafiki wa ng'ambo wanaomsaidia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ilikuwa kawaida yangu, kama kunawa uso.

Basi siku moja, barabara ya Masisi ilipokuwa imetulia kidogo, alikuja nyumbani akaniambia kwamba wageni wake wanataka kufika kijijini kwetu kuhubiri. Aliomba niende nao nikawe mtafsiri, kwa sababu wazee wa kule wanaelewa zaidi Kinyarwanda kuliko Kiswahili. Nilifurahi sana. Kijiji kile ndicho baba yangu alichokipelekea Injili, kwa miguu, akiwa na Biblia moja na shati moja la kubadilisha. Kanisa alilolijenga lingalipo, na kaburi lake liko kando ya mlango. Nilidhani wageni wanakwenda kuwatia moyo watu waliochoka na vita.

Kwaya ya wamama ilitupokea njiani. Walikuwa wamevaa uniforme yao, blauzi nyeupe na vitenge vya rangi moja, vyote vimepigwa pasi ya makaa. Pasta aliwasalimia vizuri, kisha akawaomba warudi nyumbani wavae nguo za shamba. Alisema wageni wanapenda kuona watu walivyo siku zote. Wamama walinitazama mimi. Nikatafsiri, nikaongeza kwamba ni heshima kwa wageni, nao wakaenda wakabadilisha, mmoja akinung'unika kwamba mgeni gani huyu anayependa kupokelewa na uchafu.

Hatukuingia kanisani. Mkutano ulifanyika uwanjani, upande wa chini, mahali ambapo kanisa halionekani. Mgeni mmoja alihubiri, mahubiri mazuri tu, nami nikatafsiri. Mwishoni akauliza nani anataka kumpokea Yesu leo. Watu wote wakainua mikono, pamoja na mashemasi, pamoja na kiongozi wa kwaya. Bibi mmoja aliyebatizwa kabla mimi sijaota ndevu aliinua mkono wake juu kuliko wote. Nilimuuliza polepole kwa nini, na yeye amempokea Yesu zamani.

"Na wewe, mutu akiniuliza kama ninamutaka Yesu, nimujibu hapana?" akasema. "Mbele ya wageni?"

Ndivyo watu wa kwetu walivyo. Mgeni aliyetoka mbali akikutolea swali zuri hivyo, humrudishii hapana. Nilicheka, nikamwambia ana haki.

Kisha tukashuka mtoni. Mto wa kwetu unatoka juu milimani na maji yake ni baridi mpaka meno yanauma. Wazee walisitasita. Pasta akaniita kando akaniambia, "Papa, ingia wewe wa kwanza, bamama banaogopa maji. Wakikuona watakufuata." Niliingia mpaka kifuani, nikanyoosha mkono kuwashika wanaoshuka. Hapo akaweka mkono mmoja mgongoni kwangu na mwingine kichwani, akanizamisha. Nilipoinuka nikikohoa, wageni walikuwa wakipiga makofi, na mmoja alikuwa akitupiga picha kwa kamera. Nilibatizwa mara moja katika maisha yangu, katika mto uleule, na mchungaji aliyenifahamu jina na mwenendo. Nilijiambia kijana amezidiwa na furaha. Maji hayamdhuru mtu. Wamama wakafuata, wakitetemeka.

Waliotoka majini walihitaji moto. Watu wakakimbia majumbani kuleta chochote kinachowaka haraka: vikapu vilivyokatika, nyungo kuukuu, vibuyu vya maziwa vilivyopasuka, mkeka ulioliwa na panya. Tulivirundika tukavitia moto, tukausimamia tukikausha nguo, na kwaya, hata bila uniforme, ikaimba. Ilikuwa furaha ya kweli. Nilirudi Goma na kifua kikiuma kwa baridi, nikamshukuru Mungu.

Miezi ikapita. Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa akiishi kwa binti yangu mtaa wa Majengo, alikuwa amechumbiwa na kijana wa familia ya Butembo, wafanyabiashara, Wakatoliki wazuri. Siku ya kupeleka barua ya ndoa ilikuwa imepangwa. Ghafla wakanyamaza. Binti yangu alipiga simu mara kadhaa, akajibiwa kwamba wazee bado wanazungumza. Mwishowe mchumba mwenyewe akaja kwa pikipiki, amefadhaika, akamwonyesha mjukuu wangu kitu katika simu yake, na mjukuu wangu akakileta kwangu akilia.

Ilikuwa video ya siku ile ya mtoni. Sauti ya Kifaransa ilisema kwamba hiki ni kijiji ambacho hakijawahi kusikia habari za Kristo. Ikaonyesha wamama wa kwaya katika nguo za shamba. Ikanionyesha mimi natembea majini, uso umekunjamana kwa baridi, na sauti ikasema kwamba huyu ndiye mfumu mkuu wa kijiji, mganga aliyeogopwa milima yote, na kwamba siku hiyo alikubali kushindwa. Ikaonyesha vikapu vyetu na vibuyu vya maziwa vinavyowaka, ikaviita sanamu na hirizi za mababu.

Mke wangu aliitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka yote hii ninaumwa mugongo, na nimelala na mufumu mukubwa namna hii bila kunipatia hata dawa moja?"

Mjukuu wangu akacheka huku machozi yakitoka. Mimi sikuweza. Kwetu, neno hilo likishikamana na nyumba, halitoki upesi. Nimeona bibi wakifukuzwa kwenye kambi ya wakimbizi kwa neno hilo. Na wakwe wa Butembo walikuwa na haki ya kuuliza: nani atamwozesha mwanawe katika ukoo wa mganga, ili kesho mtoto akiugua aanze kujiuliza?

Nilikwenda Birere. Pasta alinipokea vizuri, akanipa kiti chake mwenyewe. Alisema sauti ile iliwekwa huko kwa wageni, kwamba hata yeye hakuipenda, kwamba alikuwa akitafuta namna ya kuniambia. Sikumgombeza. Nilimwomba kitu kimoja tu: aje siku ya kikao na wakwe, awaambie kwa kinywa chake mimi ni nani. Wakwe wanaheshimu watumishi wa Mungu wa kanisa lolote, na yeye ndiye anayeonekana katika video. Neno langu lingekuwa la mtuhumiwa, lake lingekuwa la shahidi.

"Papa, hilo tu?" akasema. "Nitakuja."

Nilirudi Mapendo kwa miguu, nimetulia. Nilimwambia mke wangu kwamba mtoto wetu atakuja. Yeye akasema tu kwamba atapika sombe, majani ya muhogo, ya kutosha.

Alikuja kweli, amevaa suti. Wakwe walikuwa watano, pamoja na muzee wao, mtu mpole mwenye kofia, ambaye alianza kwa kuomba radhi kwa kuuliza jambo la aibu. Nilimwambia asione haya, kwamba nami katika nafasi yake ningeuliza. Kisha nikamwomba pasta aseme.

Akasimama. Alieleza jinsi alivyoishi nyumbani kwangu, jinsi nilivyomlisha. Nilimwona mjukuu wangu, mlangoni na sinia ya chai, akianza kupumua. Kisha kijana mmoja wa upande wa wakwe akauliza kama ile video ni ya kweli au si ya kweli, kwa sababu wengi wameiona, hata huko Butembo. Pasta akanyamaza kidogo. Alinyamaza vizuri, pale hasa watu wanapohitaji kufikiri.

"Ni ya kweli," akasema. "Lakini mambo ya zamani yamepita. Nilimubatiza huyu papa kwa mikono yangu. Vitu vyote viliungua, niliona kwa macho. Hakuna kilichobaki katika nyumba hii. Ninajitoa kuwa shahidi."

Sikuelewa mara moja kwamba amemaliza. Nilikuwa bado nasubiri ile sehemu nyingine.

Nikasimama. Nikasema kwamba sijawahi kuwa mfumu, hata siku moja, kwamba baba yangu ndiye aliyeleta Injili katika kijiji kile, kwamba vile vilikuwa vikapu vya viazi. Nilisema polepole, kwa heshima. Mke wangu, ambaye hasemi mbele ya wakwe, akasema kwa sauti, "Ni kweli, na huyu anajua." Pasta hakutupinga. Alitikisa kichwa kwa huruma, akamwambia muzee wa wakwe kwamba wengi waliookoka huona vigumu kutaja walikotoka, na kwamba wasiniaibishe.

Na yule muzee mpole akanitazama kwa upendo. Nasema kwa upendo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Uso wake wote ulifunguka. Alikuja na hofu, na sasa mtumishi wa Mungu alikuwa amemwondolea.

"Papa, tuache ya zamani," akasema. "Kila mutu ana yake. Sisi tumefurahi. Mutoto ataolewa."

Wamama wa upande wao wakapiga vigelegele. Niliendelea kusimama. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kusema kwamba pasta ni mwongo, na kuwataka wachague kati yake na mimi. Nilijua wangemchagua nani, na kwamba wangeondoka kwa adabu na wasirudi. Mjukuu wangu alikuwa ameweka sinia chini. Alinitazama usoni, akatikisa kichwa kidogo sana, akinikataza. Sijui hata leo kama alikuwa akinikataza kuendelea, au akinikataza kukaa. Sijamuuliza, na yeye sasa yuko Butembo kwa mume wake, ana mimba, sauti yake katika simu ni ya mtu mwenye furaha. Kwa hilo namshukuru Mungu bila kujilazimisha.

Nilikaa.

Walikula sombe, wakapanga siku ya kupeleka barua. Walipokuwa wanataka kuaga, muzee wa wakwe akavua kofia yake, akamwomba pasta aniombee, ili Mungu anishike nisirudi nyuma. Alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Watu wote wakasimama wakafumba macho.

Pasta alivuka chumba akaja mbele yangu. Hapo tu, tangu alipoingia, tulitazamana. Nilidhani ataona haya, atamwomba mtu mwingine aombe. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, mkono wenye joto, akaanza kumwambia Mungu habari zangu. Aliomba kwa muda mrefu, na aliomba vizuri. Wengine wakasema Amina. Mke wangu alikuwa ameshatoka nje na sahani, nikamsikia akiziosha kwa kishindo.