Sauti ya Saba

Krrr! Juzi sokoni Ifakara nilipita kwenye kibanda cha fundi redio, na kiredio cha kadi ya memori alichokuwa anakijaribu kikakwaruza hivyo kabla sauti haijatoka. Haki ya Mungu, nilisimama palepale na mfuko wangu wa dagaa, miguu ikitaka kukimbilia kona. Fundi akaniuliza kama nanunua. Ningemwelezaje? Ngoja niwaeleze ninyi.

Sisi tulihamia Michenga na ng'ombe wetu kutoka Usukumani nikiwa mdogo. Kiswahili nilikijua, ila kilinitoka mdomoni na Kisukuma chake chote. Nikisimama tu darasani kusoma, Joze, mtoto wa jirani yetu Mndamba, analia kama ndama kule nyuma, mmbuuu, na darasa zima linaangua kicheko. Mama alikuwa na dawa moja tu: "Minza ng'wanone," yaani mwanangu, "mkataa kwao mtumwa." Dawa haikunisaidia. Kufika darasa la sita nilikuwa nimeamua kunyamaza, na nilinyamaza kwelikweli. Ukiniuliza swali, jibu naandika ubaoni.

Ndipo akaja Mwalimu Fulgensi, Mpogoro wa Mahenge, mwembamba, shati amechomekea, kiredio amekifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli. Siku hizo wazungu walipitapita sana bondeni kwa shughuli za mbu na vyandarua. Kila mmoja aliyekutana naye, iwe Lupiro au kanisani, Mwalimu alimwomba asome kwenye simu yake sentensi zilezile tatu za Kiingereza, za mvua kuwahi na mpunga kurefuka. Wengine walimcheka, lakini walisoma, na kadi ya simu akaihamishia kwenye kiredio.

Akabandika karatasi kwenye kona nne za darasa: Uingereza, Uskoti, Ayalandi, Marekani. Akatuuliza, mtu akipiga hodi, si unajua kama ni wa Mahenge au wa Sanje kabla hujamfungulia? Basi na hawa nao wana kwao. Tulishangaa jamani! Sisi tulijua Kiingereza ni kimoja tu, na asiyekisema hivyo ni mshamba. Mwalimu akatufundisha kuivizia ile r. Mmarekani anaikunja ndani ya mdomo, Mskoti anaitetemesha, Mwingereza wa London anaimeza kabisa usiione. Wa Ayalandi sentensi yake inapanda na kushuka mpaka unataka kumsindikiza. Na Mskoti na Mwingereza ni watani, akatuonya, usije ukamwita mmoja kwa jina la mwenzake.

Tulilaza vichwa kwenye madawati, macho tumefumba. Krrr, sauti inatoka, Mwalimu anapiga makofi, na watoto sitini tunakimbilia kona. Vumbi hilo! Mwalimu wa darasa la pili alikuja kulalamika mara mbili. Na mimi bubu ndiye niliyekuwa hatari kuliko wote, kwa sababu kukimbilia kona hakuhitaji mdomo. Nyumbani baba alimtambua kila ng'ombe kwa mlio wake bila kutoka nje, na masikio yale nilirithi mimi.

Kisha mwalimu mkuu akatangaza kwamba Ijumaa tungepata wageni. Mwaka uliotangulia mgeni alimuuliza mtoto jina lake, akajibiwa "Yes". Akauliza choo kiko wapi, akajibiwa "Yes". Safari hii, akasema, mtoto mmoja atawatembeza wageni na kuwajibu, naye ni yule atakayeshinda mchezo wa lafudhi siku ya Alhamisi. Niliitaka sana nafasi ile. Lakini kushinda maana yake kusema, na kusema maana yake ndama wa Joze mbele ya wageni. Basi kila nilipobaki kwa zamu ya kufagia, nilifunga mlango nikayasomea madawati matupu zile sentensi tatu, kwa sauti kubwa, mpaka koo likakauka.

Alhamisi ikafika. Sauti sita, nikapata zote sita. Joze alikosa moja tu. Tayari nilikuwa narukaruka, Mwalimu akanyoosha mkono: bado ya saba.

Krrr. Ilikuwa sauti ya mtoto. Taratibu, safi, kila neno limetamkwa mpaka mwisho wake, na lilipofika mwisho likainuka kidogo.  Nani huyu mwenye bahati, na kwao ni wapi? Wenzangu wakatawanyika, wengine Marekani, wengine Uingereza. Mimi nikakimbilia Ayalandi, kwa kuwa ilipanda na kushuka kama ya sista mmoja wa huko aliyewahi kupita parokiani kwetu. Joze peke yake alibaki katikati, amekunja uso. Mwalimu akamuuliza mbona haendi kokote.

"Mwalimu, huyo ni Minza," akasema. "Mimi namjua Minza hata akikohoa."

 Hakuna aliyelia kama ndama. Mwalimu Fulgensi akakiri kwamba alipita dirishani siku moja nikifagia, akaniomba radhi kwa kunirekodi bila ruhusa. Halafu akatoa mfukoni karatasi ya tano, imeandikwa Michenga, akaibandika mlangoni na kuniambia nikasimame hapo. Nilikwenda.

Sasa tukawa sare, sita kwa sita. Mwalimu alikuwa bado anawaza, Joze akamkatisha. "Aende Minza. Mimi wakiniuliza nitasema Yes."

Ijumaa niliwatembeza wageni saa nzima, shambani, kisimani, chooni pia. Niliongea mpaka mwalimu mkuu akanionyesha saa, na wageni walinielewa.

Kwa miaka mingi nilijionea aibu kwa sauti ile ya saba. Mtu gani asiyeijua sauti yake mwenyewe? Nilichelewa kuelewa kwamba nilikuwa sijawahi kuisikia. Nilichokuwa nasikia siku zote ni kicheko kilichoifuata. Siku ile sauti ilinifikia peke yake, nisijue ni ya nani, na kabla Joze hajanitaja nilikuwa nimeshaitamani.