Fundi na Mashine ya Mitihani

"Fundi, jana ulisema ukiiapdeti itakuwa nyepesi, leo hata haiwaki!" Karani wa shule alisimama mikono kiunoni, maana mitihani ya kesho yote ilikuwa humo ndani. Fundi alivuta kiti, akapuliza kibodi kama anapooza chai, akavunja vidole kimoja kimoja, kama afanyavyo hata akiitwa kubadilisha waya tu. Kisha akatoa swali lake la siku zote, kwa sauti ya puani: "Mmegusa nini?" Kioo kilikuwa cheusi, kina mstari mmoja wa maandishi. Akampa karani mgongo, akauchapa ule mstari kwenye simu yake kuutafutia jibu mtandaoni, huku akijikohoza. "Dada, hapa dawa ni kufuta kila kitu tuanze upya." "Ufute mitihani ya watoto mia tatu? Thubutu!"

Karani akapiga magoti, akapapasa nyuma ya mashine, akakuta flashi ya fundi. Ndiyo aliyowekea hiyo apdeti jana, akaisahau hapo hapo, mashine ikawa inahangaika kuwakia humo. Karani akaichomoa, akawasha tena, na mashine ikaamka, mafaili ya mitihani yote yapo. Akamkabidhi fundi flashi yake. Fundi akaipangusa kwenye shati, akaitia mfukoni. "Umeona? Nilijua tu ni kitu kidogo." Simu yake ikaita, naye akaipokea akiwa ameshafika mlangoni: "Samahani bosi, kuna mashine ilikuwa imekufa huku, ndiyo nimeifufua sasa hivi. Nakuja kuiapdeti na hiyo yako."