Redio ya Babu na mshale wa mita uliokataa kusonga

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Hii sikuambiwa na mtu. Mita ya kupima stima ilikuwa mkononi mwangu.

Nimezunguka sana: Kitale, Nakuru, mpaka Juba, nikifunga spika za makanisa. Lakini kila nikirudi nyumbani, kijijini Ziwa, kitu cha kwanza natazama ni redio ya Babu.

Babu amepita miaka tisini. Enzi za masetla alikuwa dereva wa trekta shambani kwa mzungu. Mzungu alipopata redio mpya, akampa ile ya zamani ya valve, zile taa za kioo za kukuza sauti. Betri yake, nzito kama tofali, ilitoka duka la Mhindi huku Eldoret, mji ambao Babu bado anauita Sisibo.

Jumapili watu wa kambi ya wafanyakazi wa shamba walijaa kwake kusikiliza kwaya. Babu aliweka sauti chini kabisa ili betri idumu.

Nyanya yangu, Rasoa, masikio yake yaliharibiwa na homa. Aliketi karibu kabisa, kiganja nyuma ya sikio.

"Ongeza kidogo, Baba Yohana."

"Betri itaisha. Unataka tukae kimya mwezi mzima?"

"Mama Yohana, si uingie tu ndani ya redio!" watu wakamtania. Naye akacheka nao.

Alikufa kabla ya Uhuru. Hakuwahi kusikia wimbo hata mmoja mpaka mwisho.

Babu mwenyewe ndiye alinisimulia haya, kwa fahari: "Kambi nzima, hakuna aliyetunza betri kama mimi."

Desemba iliyopita niliifufua. Niliunga betri ndogo nyingi mpaka zikatosha. Stesheni sikupata, ni shhh tu. Nikaweka mita kwa waya wa betri, nione redio inakula stima kiasi gani. Sauti chini, nikasoma. Nikapandisha mpaka mwisho.

Mshale haukusonga.

Niseme kidogo hapa. Amplifaya nyingi za siku hizi hula stima zaidi ukipandisha sauti. Ile ya Babu hapana. Valve zake hula kiasi kilekile, ziimbe au zinyamaze, na sehemu kubwa inaishia kwa joto. Kidogo sana ndicho hufika kwa spika.

Babu alikuwa anatazama mshale.

"Hiyo mita imeharibika?"

Wakuu, ningesema ndiyo. Nilifikiria.

"Hapana, Babu. Iko sawa."

"Kwa hivyo Rasoa..."

Nilikuwa nimeshusha sauti ili tuongee. Akanyoosha mkono, akaizungusha mwenyewe mpaka mwisho. Ile shhh ikajaa nyumba, ikatoka nje mpaka kwa mahindi. Hakuniruhusu kuizima. Tuliketi hapo mpaka betri zikaisha.

Nilichojifunza: amplifaya inachokula si kile unachosikia, kwa hivyo wati zilizoandikwa kwa boksi zisikudanganye. Na mtu wako akikuomba uongeze sauti, pima kwanza ndio ukatae.

Wenye redio za valve, nyinyi mlipima mkapata nini?

Na kuhusu Babu, mngemwambia ukweli?