Mti wa Kogo Phelis Haungoji Namba

Saa moja asubuhi, Mosoti Ondieki yuko juu ya mkaratusi, amejifunga kamba ya katani kiunoni, na chini yake ni mabati ya nyumba ya Phelis Chepkemboi. Hakati ovyo. Kila tawi analifunga kamba kwanza, analikata kwa msumeno, kisha wanaume watatu walioko chini wanaliteremsha polepole kama mtu anayemlaza mtoto.

"Shikilia! Shikilia, bwana!" anapaza sauti. Tawi linapita karibu na dirisha na kutua kando ya shamba la chai. Phelis, mjane wa miaka sitini na sita ambaye kijiji kizima cha Kimulot humwita Kogo, yaani nyanya, amesimama karibu na zizi, mikono kifuani.

Mwaka huu wa 1998 Mosoti ana miaka hamsini na mbili. Alitoka Kisii mwaka 1969 kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, akahamishiwa kikosi cha kupogoa miti, na tangu hapo riziki yake iko juu. Goti la kushoto linamsumbua, lakini kazi hakosi. Mikaratusi ambayo wazee waliipanda kuzuia upepo imekuwa mikubwa kuliko nyumba zenyewe.

Shida ni malipo. Mti mzima hujilipia, maana wapasua mbao huununua. Uliooza nani autake? Na ndio huo unaoinamia nyumba, ndio huo wenye kazi ngumu: siku mbili, watu wanne, shilingi elfu moja na mia nne. Kwa anayengoja pesa ya majani ya chai, hiyo ni karo, ni mbolea. Basi mti unaachwa, watu wanalala chini yake wakimwomba Mungu.

Mosoti ana doa moyoni, wala halifichi. Mwaka 1994 aligonga mti wa jirani yake Ogola kwa mgongo wa panga, akasikia ndani ni tupu. "Nikamwambia umeoza. Akasema hana pesa. Nikabeba kamba yangu nikaenda." Wiki tatu baadaye mti uliangukia jiko, ukamvunja mguu Yunia, mke wa Ogola. "Mpaka leo anatembea na fimbo. Akinisalimia naona aibu."

Ndipo Desemba iliyopita akawaendea akina mama wa kanisa, ambao tayari walikuwa na chama cha kununuliana sufuria na magodoro. Akawaomba waanzishe kingine, cha miti. Wakakubali, wanawake kumi na wanne, kila mmoja shilingi hamsini kwa mwezi, mti mmoja ukatwe kila miezi miwili. Wakaomba, wakakunja vikaratasi ndani ya kofia, wakapiga kura ya zamu vilevile kama ya sufuria.

Lo! Namba moja ikamwangukia Chepchirchir, mwenye mti wa saiprasi mzima kabisa, ambao kosa lake ni kuinyima chai jua. Kogo Phelis, ambaye mti wake hulia upepo ukivuma, akapata kumi na moja. Hiyo ni karibu miaka miwili.

"Sufuria inaweza kungoja," Mosoti anasema. "Mti uliooza haujui namba."

Alipokwenda kuomba wabadilishane, Chepchirchir alimjia juu. "Wewe Mosoti, kura tulipiga baada ya maombi. Unataka kumsahihisha Mungu?" Hakubishana naye. Alimwomba tu wafike kwa Kogo, aweke sikio kwenye shina, naye Mosoti akagonga upande wa pili. Chepchirchir alirudi nyuma. Akaangalia dirisha la chumba wanamolala wajukuu wanne, akatoa karatasi yake ya namba moja.

Kumbe wa kukataa alikuwa Kogo mwenyewe! "Mimi si ombaomba. Namba yangu ni kumi na moja."

"Basi kaa nayo hiyo namba," Chepchirchir akamjibu, "lakini hawa watoto hawakupiga kura."

 Kogo aliingia jikoni akawapikia chai.

Siku ya pili ya kukata, saa tisa alasiri, shina linaangushwa upande wa shamba. Ndani ni unga mweusi tu, na mtu mzima angeweza kuchutama humo. Phelis anainama, anaingiza mkono mpaka begani, anautoa na kuufuta kwa leso. "Miaka kumi nimelala hapa na watoto," anasema, machozi yakimtoka.

Mosoti ameshaigonga miti yote ya chama. Anasema kuna mingine miwili ambayo haitavuka mvua ya Aprili, na kufikia hapo pesa itatosha mmoja tu. Jumapili baada ya ibada atasimama awaombe akina mama waiweke kofia kando, zamu ifuate hali ya mti. Na huo wa pili je?

"Nitaukata tu," anasema, akikunja kamba. "Bonasi ya chai ikitoka Oktoba watanilipa. Wasiponilipa, heri niwadai wakiwa hai."