Kabula Aliposhika Chaki

Wenzangu, msinicheke sana. Siku hizi kila kitu ni huria, na semina ya walimu kule Misungwi ikatuambia hata darasa liwe huru: mtoto si ndoo ya kujazwa maji, aachwe afikiri, akosee bila woga. Maneno hayo nilipenda mno kuyasema.

Mkaguzi alipofika shuleni kwetu Buswelu, nikamwambia kwa madaha kwamba darasani kwangu fimbo haina kazi. Asubuhi ile nilikuwa nimeificha nyuma ya kabati. Nikampa chaki Kabula, mtoto wa darasa la tatu, aongoze somo. Mkaguzi akakaa nyuma, mimi nikabanana na watoto kwenye dawati.

"Mwalimu, saba mara nane ni ngapi?" akauliza Kabula.

Nikajibu hamsini na nne, makusudi, ili wanisahihishe. Kabula akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati, akarudi na fimbo. Watoto wakanitazama kwa huruma, na jirani yangu akanisaidia kukunjua kiganja.

Kabula akaniinamia. Alidhani ananong'ona, lakini darasa zima lilisikia.

"Usiogope, Mwalimu. Nitakuchapa taratibu."