Mgongo wa Kifaranga wa Siku Mbili

Mpaka leo nikisikia mtu anasema mwanamke fulani aungame, damu inanichemka. Naliweka wazi mapema, msomaji asije akadhani naandika kwa utulivu.

Dada yangu alijifungua mtoto wa kike, hapa hapa Kolwezi. Chini ya mgongo wa mtoto palikuwa wazi, ngozi haikufunika. Aliishi siku nne. Matanga hayajaisha, mama mkwe wa dada akaketi sebuleni kwa dada, mtaa wa Dilala, na kutangaza kwamba mtoto hazaliwi hivyo bure. Sisi ni watu wa Kasai. Babu zetu waliletwa huku kuchimba shaba, na pamoja na mizigo yao walikuja na desturi hii: mtoto akipatwa na ubaya, mama yake ataje mwanaume aliyelala naye nje ya ndoa. Akitaja, huchinjwa kuku wa kumtakasa; asipotaja, haruhusiwi kumpikia mumewe. Mume haulizwi kitu. Shemeji yangu alikaa pembeni akichezea simu.

"Aseme tu, tumalize," mama mkwe alisema.

"Mama, mi siko na kitu ya kusema," dada akajibu.

Aliulizwa hivyo wiki nzima, na wiki nzima akajibu hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa biolojia, na kazi yangu ya mwaka ilihusu ukuaji wa kiinitete cha kuku. Mayai alikuwa amenipa mama mkwe huyo huyo, kabla ya msiba, kutoka kwa kuku wake mwenyewe, tena kwa majivuno makubwa. Niliyaweka kwenye mashine ya kuatamishia, na umeme ukakatika. Bwawa la umeme la Nzilo liko pale, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na sisi tunahangaika na mbabula, jiko letu la makaa! Mashine ikapoa, ikapata joto, ikapoa tena. Hata nta ya parafini niliiyeyusha kwenye mbabula, kipimajoto mkononi, macho yakitoka machozi kwa moshi.

Kazi yenyewe inataka subira, nami sina. Kiinitete cha siku mbili ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Unakizamisha katika parafini mpaka igande, unakikata vipande vyembamba vinavyotoka vimeshikana kama utepe, unavipanga juu ya kioo bila kuruka hata kimoja, kichwa hadi mkia, kisha unavitia rangi. Baada ya hapo unavisoma kwa hadubini, kimoja kimoja. Uti wa mgongo huanza ukiwa bapa. Kingo zake mbili huinuka, huinamiana, hugusana na kushonana kuwa mrija. Karibu viinitete vyangu vyote vilikuwa na mrija huo, mduara safi wa zambarau. Katika kimoja, nilipofika katikati ya mgongo, mahali ambapo kwa wenzake palishafungwa, kingo hazikugusana. Kipande kilichofuata, wazi. Kilichofuata, wazi.

Nililia palepale maabara, kwa hasira. Kwa binadamu ufungaji huo humalizika kabla mimba haijatimiza mwezi, mara nyingi mama hata hajajua kwamba ana mimba. Dada yangu alikuwa anahojiwa juu ya jambo lililotokea tumboni mwake wakati yeye yuko darasani anafundisha watoto kusoma.

Jumamosi nilimwomba mama mkwe aje aone mayai yake yamekuwa nini. Alikuja kwa pikipiki, amevaa kitenge chake cha misa. Nilimwonyesha kwanza kiinitete kilichofungwa, kisha kile cha wazi. Aliinama muda mrefu, jicho moja amelifunika kwa kiganja.

"Huyu mugongo yake haiyafunga," akasema polepole.

"Ni ya kuku yako, mama. Sasa ile kuku ililala na nani?"

Nilikosa adabu, najua, wala sijuti. Alikaa kwenye kiti, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Nikadhani nimeshinda. Nilishaanza kupanga maneno ya kumpelekea dada.

"Mwana," akaniambia, "juu ya nini haukuniita jana? Dada yako alisha kusema, leo asubuhi. Alitaja muntu. Tulisha kuchinja na kuku."

Sikumuaga. Nilichukua pikipiki mpaka Dilala, nikamkuta dada jikoni.

"Ni nani huyo uliyemutaja?"

"Hakuna. Nilitafuta tu jina." Hakugeuka. "Nilichoka."

Alikuwa anasonga bukari, ugali wa mumewe. Ameruhusiwa tena kupika.